Ukumbi wa viti 198 uliowabeba waandishi wapya

Mdau, unadhani tamthilia mpya lazima ipate ukumbi mkubwa ndo itoboe? Sikia hii.

Mwaka 1947 huko Dallas, Marekani, dada anayeitwa Margo Jones alifungua ukumbi wa watu 198 tu. Jukwaa lipo katikati, watazamaji wamelizunguka pande zote. Hakuna pazia wala kuta za kuchora. Tukio likiisha, taa zinazimwa, waigizaji wanatoka gizani. Gharama inashuka, kwa hiyo anathubutu kuweka kazi ambazo hazijawahi kuigizwa popote.

Mwaka 1948 akaweka tamthilia fupi tatu za Tennessee Williams, za kitendo kimoja kimoja. Hadithi fupi inataka ukaribu, na hapo mtu aliona mpaka chozi linavyolenga.

Januari 1955 akaonyesha Inherit the Wind, iliyokuwa imekataliwa na maprodyuza wa New York. Aprili ikawa Broadway!

Mwaka huohuo Margo akafariki, miaka 43 tu. Kati ya tamthilia 85 alizoweka, 57 zilikuwa mpya.

Sasa sisi tunasubiri ukumbi gani, wakati viti vya plastiki na uwanja tunavyo? Funguka hapo chini.