Kisanamu cha udongo

Mtoto wa Dutwa, huko Bariadi, akipeleka ng'ombe lamboni wakati wa masika, mikono yake haitulii. Huchota udongo mweusi wa mbuga, akafinyanga dume lenye nundu na pembe, akalianika juani. Muulize ni nini hicho, atakujibu: ng'ombe. Hana haja ya istilahi. Mwenye haja ni mtu wa makumbusho, anayepaswa kuandika jina la umbo la udongo linaloenea kiganjani, liwe limetoka Bariadi au milima ya Andes huko Peru, ambako mafahali wa Pucará huhusishwa na tambiko la kutia mifugo alama, kisha huwekwa juu ya paa kulinda nyumba.

Wengi huandika "kinyago". Ninawaelewa, maana neno hilo liko jirani na unyago, na unyagoni ndiko maumbo haya yalikofanya kazi kubwa. Hans Cory, Mwaustria aliyechunguza mila kwa niaba ya serikali ya Tanganyika na kuandika juu ya sheria na desturi za Wasukuma, alichapisha mwaka 1956 kitabu kizima kuhusu maumbo ya udongo yaliyotumika kufunda vijana, wakiwemo wa Wazigua na Wasambaa. Umbo liliendana na wimbo, na mwali alifumbuliwa fumbo lake. Mwaka huohuo mwanaanthropolojia Audrey Richards alitoa kitabu juu ya chisungu (unyago wa wasichana) ya Wabemba, wa Zambia ya leo, aliyoishuhudia mwaka 1931. Vifaa vyao vya kufundishia, yakiwemo maumbo ya udongo, huitwa mbusa.

Hata hivyo, kinyago huchongwa; udongo hufinyangwa. Tena msomaji wa leo akisikia kinyago huona mpingo wa Wamakonde, au uso wa kuvaliwa ngomani. "Sanamu" nalo ni pana mno: askari wa shaba aliyesimama Dar es Salaam tangu 1927 ni sanamu, je, na ng'ombe wa kiganjani? Kiambishi ki- kinatosha: kisanamu. "Kijisanamu" mimi nakikataa, kwa kuwa kiji- huja na dharau, na vitu vya tambiko la watu havistahili dharau.

Basi, ndugu mwandika vibandiko, tanguliza jina la wenyewe, kisha maelezo: "Mbusa: visanamu vya udongo vya chisungu." Na kwa kazi ya mtoto wa Dutwa, andika "ng'ombe" kwanza.