Viungo vya mwili katika Kihispania: Majina na misemo yake

MGONJWA anayesema mguu unamuuma hueleweka bila shida katika zahanati yoyote ya Dar es Salaam au Mombasa, na daktari akitaka kujua ni pajani au ni kwenye wayo, humwambia aonyeshe. Katika Kihispania, neno lenyewe huwa limekwishatoa jibu. Sehemu inayoanzia nyongani hadi kwenye kifundo huitwa pierna, na ile inayokanyaga ardhi ni pie. Mguu wa mnyama una jina lake, pata, ambalo hutumika pia kwa mguu wa meza.

Huo ndio ugumu wa kwanza unaomkabili msemaji wa Kiswahili anayejifunza lugha hiyo. Mkono nao hugawanywa: brazo ni kuanzia begani, na mano ni kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole. Sikio linaloonekana, lile livaalo hereni, ni oreja, ilhali lile la ndani lisikialo ni oído. Nafuu ipo kwenye kidole tu, kwani dedo ni cha mkono na cha mguu pia.

Suala hilo si la darasani pekee. Kati ya mwaka 2018 na 2023, madaktari kutoka Cuba walifanya kazi katika hospitali za kaunti nchini Kenya kwa makubaliano ya serikali mbili, na baadhi ya madaktari wa Kenya walikwenda Cuba kusomea tiba ya familia. Mahali kama hapo, kuchanganya oreja na oído huweza kumfanya daktari achunguze mahali pasipouma.

Kwa upande wa sarufi, Mswahili ana bahati. Me duele la cabeza hujengwa karibu sawa na "kichwa kinaniuma": kinachouma ni kichwa, na me hufanya kazi ya kiambishi -ni-. Ikiuma miguu miwili, kitenzi hubadilika kufuata wingi: me duelen los pies. Wala hapana haja ya kutaja mwenye kiungo, kwani me lavo las manos ni "nanawa mikono" tu, bila ya "yangu". La kuangalia ni kwamba mano ni neno la jinsia ya kike ingawa huishia kwa o, hivyo husemwa la mano.

Vitabu vingi vya kujifunzia huishia kwenye picha ya mtu aliyezungukwa na mishale. Picha hiyo haitoshi, kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku viungo hivyo hutajwa mara nyingi bila kukusudia mwili wenyewe.

Baadhi ya misemo humfikia Mswahili kama jamaa wa zamani. Marafiki wasioachana, ambao kwa Kiswahili ni chanda na pete, kwa Kihispania ni uña y carne, ukucha na nyama. Mpenzi wa moyo ni la niña de mis ojos, na niña hapo ni ile mboni ya jicho. Asiye na haya, mwenye uso mkavu, husemwa ana cara dura, uso mgumu. Bahili, ambaye Waswahili humwita mkono wa birika, nchini Mexico huitwa codo, yaani kiwiko. Taswira ni karibu ileile ya mkono uliokunjika usionyooka kutoa.

Lakini kiwiko hichohicho hupotosha. Hablar por los codos, kuzungumza kwa viwiko, ni kusema mno bila kupumzika, na hakuna njia ya kulikisia hilo isipokuwa kulijifunza. Tomar el pelo, kushika nywele, ni kumfanyia mtu mzaha. Asiyekuwa na nywele ulimini, no tener pelos en la lengua, husema wazi bila kumwogopa mtu. Bidhaa ya bei ya juu kupita kiasi hugharimu jicho la usoni, un ojo de la cara. Aliyeropoka au kuharibu jambo kwa kutojua huambiwa ametia pata, na inafurahisha kwamba aliyekosea hupewa mguu wa mnyama badala ya wake.

Ini nalo lina mambo yake. Kwa Kiswahili, maneno ya uchungu humkata mtu maini. Kwa Kihispania, mwenye malos hígados, maini mabaya, ni mtu wa nia mbaya.

Neno ojo, jicho, likiandikwa peke yake kati ya alama mbili za mshangao, ya kwanza ikiwa imepinduliwa, halimtaki msomaji atazame chochote kizuri. ¡Ojo! maana yake ni kwamba mbele kuna hatari.