Feni ya Rejeta: Jina Moja, Mitambo Mitatu

Maneno ya gereji hayakuundwa na wataalamu wa lugha. Yaliingia pamoja na magari yenyewe, yakapokewa na mafundi waliokuwa na kazi mikononi, na mengi yakakomaa katika matumizi kabla ya chombo chochote cha lugha kuyatazama. Kwa hiyo mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha matengenezo ya gari kuukuu aghalabu hukuta istilahi zimekwisha kuwapo, na tatizo lake si kubuni bali ni kuelewa. Katika makala haya nitalitazama neno moja tu, nalo ni feni, yaani ile inayovuta hewa kupitia rejeta ili maji ya injini yapoe. Historia yake yaonyesha jinsi jina linavyoweza kusimama pale pale ilhali kitu kinachotajwa kimekwisha geuka.

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa maneno ya kupunga hewa. Tangu zamani tunacho kitenzi pepea, na kwacho tunapata upepeo na kipepeo. Jirani yake ni pepeta, kazi ya mwenye ungo. Wenye kupenda asili za maneno watafurahi kusikia kwamba neno la Kiingereza lililotupa feni nalo lilitoka katika Kilatini, ambamo lilikuwa jina la chombo cha kupepetea nafaka. Lugha mbili zisizo na udugu zimeanzia uwanja mmoja wa kupuria.

Pangaboi lina historia yenye uchungu zaidi. Katika Kihindi pankha ni kipepeo, na asili yake ni neno lenye maana ya bawa. Waingereza waliokaa Bara Hindi walilitumia kwa pazia lililoning'inizwa darini na kuvutwa kwa kamba na mtumishi. Mtumishi huyo, hata akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, aliitwa boi. Umeme ulipofika, mvuta kamba akaondoka, lakini jina lake likabaki darini. Katika sikio la Mswahili jina hilo likapata sura mpya, kwa kuwa panga ni kitu kinachojulikana katika kila nyumba ya mkulima, na bapa la feni lafanana nalo. Ndiyo maana wapo wasemao panga la feni, na wengine husema pangaboi la helikopta, bila ya kumkumbuka yule mtumishi hata kidogo.

Yafaa kuuliza kwa nini feni ya gari haikuitwa pangaboi, wala haikuitwa rafadha, ingawa umbo lake lakaribia rafadha ya meli. Jibu, kwa maoni yangu, ni kwamba iliingia katika kundi la vipuri vilivyoagizwa kwa majina yake: rejeta, kabureta, plagi, klachi. Fundi aliyekwenda dukani alihitaji neno ambalo muuza spea angelitambua mara moja. Ni sehemu chache tu za gari zilizopata majina ya pwani ya kale. Usukani ulihama kutoka jahazini, na nahodha na dereva sasa wanashika kitu cha jina moja. Kapi la kupandishia tanga nalo lingeweza kuwa jina la gurudumu lile dogo linalopitisha mkanda wa injini, lakini huko puli imekwisha shinda.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Katika gari la Mercedes lililobuniwa na Wilhelm Maybach miaka ya 1900 na 1901, rejeta ilikuwa ya vijia vidogo vingi mfano wa sega la nyuki, na nyuma yake palikuwa na feni ya kusaidia gari liendapo polepole. Ford Model T, iliyotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, iliieneza feni ya mkanda duniani: injini inazunguka, mkanda unazunguka, feni inazunguka. Land Rover Series III, iliyoundwa kati ya 1971 na 1985 na kujulikana sana katika barabara zetu za vumbi, ilifuata kanuni hiyo hiyo. Feni yake imefungwa kwa bolti mbele ya pampu ya maji, na mkanda mmoja unaziendesha zote mbili pamoja na mtambo wa kuchaji betri. Kuibadilisha si kazi ngumu. Mkanda hulegezwa, bamba linaloizunguka feni huondolewa, bolti hufunguliwa, na feni hutolewa kwa uangalifu isije ikatoboa rejeta. Feni yenye bapa lililopinda haifai kunyooshwa kwa nyundo na kurudishwa, kwa sababu ikikosa uwiano hutikisa beringi ya pampu mpaka pampu yenyewe ianze kuvuja.

Mtambo wa pili twaupata katika Peugeot 404, gari lililotoka mwaka 1960 na kushinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Puli yake iliendeshwa na mkanda, lakini feni ilishikamana na puli kwa nguvu ya sumaku ya umeme, pale tu maji yalipopata joto la kutosha. Maji yakiwa baridi, feni iliachwa huru. Mtambo wa tatu ni feni ya mota ya umeme, isiyojuana na mkanda kabisa. Fiat 128 ya mwaka 1969 ilikuwa nayo, na Volkswagen Golf ya mwaka 1974 vilevile. Injini ikikaa kwa upande, kama katika magari hayo, puli zake hazielekei rejeta, na mota ya umeme ndiyo njia nyepesi.

Mitambo mitatu, na jina ni lile lile. Hapa ndipo mfasiri anapopata taabu. Feni belti, au mkanda wa feni kwa Kiswahili cha vitabuni, ni jina la kweli katika Land Rover na ni jina la uongo katika Golf. Fundi ataendelea kulitumia, wala hapana sababu ya kumkataza. Bali mwalimu wa shule ya ufundi anayeandika ubaoni kwamba mkanda wa feni ukikatika feni husimama, anamfundisha mwanafunzi jambo lisilokuwapo katika gari aliloliegemea. Kitabuni ningependelea mkanda wa jenereta au wa alteneta, kwa kadiri ya gari lenyewe.

Jambo la pili ni zito kuliko hilo, kwa kuwa lahusu vidole vya watu. Onyo la zamani lilisema: zima injini kabla ya kugusa feni. Katika feni ya mkanda onyo hilo latosha. Katika magari mengi yenye feni ya umeme halitoshi hata kidogo, kwa sababu joto la maji hupanda kwa muda baada ya injini kuzimwa, na feni yaweza kuanza kuzunguka yenyewe huku fundi ameinama juu yake. Tafsiri sahihi ni kumwagiza aondoe waya hasi wa betri kwanza, hata kama matini ya Kiingereza ya gari la zamani zaidi haikusema hivyo.

La tatu ni kitenzi. Vitabu vya matengenezo vya Uingereza vilizoea kutumia neno replace kwa maana ya kukirudisha mahali pake kitu kile kile kilichofunguliwa, na renew kwa kuweka kipya. Mfasiri asiyeijua desturi hiyo huandika badilisha kila mara, na msomaji wake hununua feni, bolti na mkanda ambavyo havikuwa na kasoro. Kiswahili kina rudisha, badilisha na weka mpya, na kila kimoja kina mahali pake.

Lipo pia suala la kuvuta na kusukuma. Feni iliyo nyuma ya rejeta huvuta hewa, iliyo mbele huisukuma, na kitenzi pepea hakitofautishi hayo mawili. Katika feni ya mota ya kawaida ya betri, nyaya mbili zikipishanishwa wakati wa kuunganisha, feni huzunguka kinyume. Dereva huisikia ikiunguruma vizuri, naye hashuku kitu, mpaka hapo maji yatakapochemka mlimani.