Kioo Kilichobeba Sauti

Wapenzi wa ushairi huisimulia historia ya redio kwa majina ya watunzi na watangazaji. Aghalabu hukisahau kioo. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kusikika mwaka 1951, redio za majumbani zilikuwa za valvu: vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa, ndani yake mna uzi mwembamba wa kuwashwa moto. Uzi usipowaka, redio ni bubu. Kwa hiyo vichupa hivyo navyo viliamua nani alisikie shairi na nani alikose.

Mjini palipokuwa na umeme, jambo hili lilikuwa jepesi. Lakini Ushirombo, bara ya mbali magharibi ya Shinyanga, redio ilitegemea betri kavu: moja ya volti chache ya kuuwasha uzi, na nyingine, aghalabu ya volti 90, ya kuuvuta mkondo ndani ya kioo. Rhodesia ya Kaskazini ilipouza redio ya bei nafuu mwaka 1949, ile yenye umbo la sufuria, betri yake ilidumu kiasi cha saa 300 tu. Msikilizaji wa bara alizihesabu saa zake kama mtu ahesabuye akiba.

Valvu nayo huzeeka, na fundi huijua kwa dalili. Kwanza huikata redio na umeme, kisha huuondoa ule uliobaki ndani, maana unaweza kuua. Huichomoa valvu iliyopoa, akaupima uzi kwa mita: uliokatika haupitishi umeme. Hukitazama kioo: ule mng'ao wa fedha ukigeuka mweupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Uzi mzima nao si dhamana, kwani valvu huchoka polepole. Kipimo chepesi ni kuweka nyingine nzima ya namba ile ile.

Transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947, haikuhitaji uzi wa moto. Redio zake zilipoenea katika miaka ya 1960, betri ndogo za tochi zilitosha, na Kiswahili cha redioni kikaingia vijiji ambavyo valvu ilivifikia kwa shida.

Basi redio ya babu ikinyamaza, isitupwe upesi. Huenda kilichokufa ni kichupa kimoja, na redio yenyewe ni shahidi wa gharama waliyoilipa wazee wetu ili walisikie neno.