Hutarajiwi kuelewa hapa

Wenzetu wanaoandika programu za kompyuta wana desturi nzuri. Katikati ya mistari ya amri huweka maelezo mafupi kwa ajili ya binadamu atakayeisoma kesho. Kompyuta yenyewe huyaruka. Kwa hiyo maelezo yakipotosha, hakuna mashine itakayolalamika.

Mfano mashuhuri umo katika Unix toleo la 6, la mwaka 1975, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani. Kwenye kipande kinachoifanya kompyuta iache kazi moja na kushika nyingine, yameandikwa maneno haya: hutarajiwi kuelewa hapa.

Unix ilisambaa vyuoni. Huko Australia, John Lions wa Chuo Kikuu cha New South Wales akawaandikia wanafunzi wake ufafanuzi wa programu hiyo. Wasomaji wakayakuta maneno yale, na wengi wakaona ni dharau: wakubwa wanatucheka.

Miaka ikapita, Ritchie akaja kufafanua. Alisema walikusudia kama mwalimu anapowaambia wanafunzi kwamba hili halitatoka kwenye mtihani. Halafu akaongeza jambo zito zaidi: hata wao hawakuwa wanaelewa kinachotokea pale!

Hebu litafakari hilo. Mbinu yao ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Hali ya kazi ilihifadhiwa ndani ya kipande kimoja cha programu, lakini ikarejeshwa kwa kupitia kipande kingine. Kwenye kompyuta ya PDP-11 mambo yalikwenda, kwa sababu kompaila yake ilihifadhi hali kwa namna ileile kila mara. Unix ilipohamishiwa kwenye Interdata 8/32, kompaila ya huko haikuwa na utaratibu huo, na ubovu ukajianika. Katika toleo la 7, la mwaka 1979, sehemu ile iliandikwa upya. Maneno yale yakaondoka nayo.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa dharau. Kosa ni kwamba maneno yale yalimwambia msomaji apite, mahali ambapo alitakiwa asimame na kuuliza. Na mtu akishaambiwa kwamba jambo ni gumu kwake, mara nyingi hupita kweli.

Ni mangapi tunapita hivyo hivyo, kwa kuwa aliyeandika ni bingwa? Wewe unaonaje?