Msako wa hitilafu, si utatuzi wa matatizo

Nimeletewa nipitie tafsiri ya mwongozo wa jenereta ya dizeli ya jeshi la Marekani, MEP-803A, ile ya kilowati 10 ambayo ikishaondolewa jeshini huuzwa mnadani ikaishia mikononi mwa raia. Sura ya kutafuta ubovu wa umeme imepewa kichwa "Utatuzi wa Matatizo". Nilipohoji, nikajibiwa kwamba ndivyo kamati ilivyopitisha. Kamati yenyewe sina haja ya kuitaja. Ninachokikataa ni neno lake.

Tuanze na mzizi. Tata ni kufungamana mpaka ncha isionekane. Humo tumepata utata, tatiza na tatizo; na kwa kauli ya kutendua tumepata tatua, yaani kufungua kilichofungamana. Basi "utatuzi wa matatizo" ni mzizi mmoja uliotumika mara mbili, na neno linaloongoza linataja mwisho wa kazi. Aliyetatua amemaliza. Fundi aliyeinama mbele ya paneli, mita mkononi, hajatatua kitu. Hajajua hata ubovu uko upande gani. Isitoshe, kwenye simu za Android "utatuzi" ni kuondoa kasoro za programu, na kwenye mabaraza ni kumaliza migogoro. Neno lililotwishwa yote hayo haliwezi tena kuwa istilahi ya fundi umeme.

Miongozo ya jeshi la Marekani inatenganisha waziwazi kutafuta ubovu na kuurekebisha. Majedwali yake yana hatua tatu: kwanza hitilafu, kisha upimaji au ukaguzi, mwisho marekebisho. Kamati imechukua hatua ya tatu ikaifanya jina la sura nzima.

Chukua hitilafu moja. Injini imewaka, inazunguka mizunguko 1,800 kwa dakika, lakini mshale wa volti umelala kwenye sifuri. Jenereta hii huhitaji mkondo wa betri upite kidogo kwenye koili ya sumaku wakati wa kuwasha, ndipo volti ipande. Mkondo huo hutoka kwenye betri 2 za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Fundi anaishikilia swichi kwenye nafasi ya kuwashia, mwenzake anapima kwenye ncha za koili. Kama hapana volti, ubovu uko nyuma: fyuzi, relei, waya au swichi yenyewe. Kama volti ipo na umeme bado hautoki, ubovu uko mbele: koili, diodi au kidhibiti volti. Kwa kipimo kimoja, nusu ya saketi imeondolewa kwenye shaka, na hakuna kilichotatuliwa.

Hiyo kazi ni msako. Askari wa msako hawauvamii mtaa kiholela. Hufunga njia, wakaingia nyumba kwa nyumba, na nyumba iliyokaguliwa hawairudii. Wapo walioniambia kwamba neno hili linanuka polisi. Saka ni kitenzi cha wawindaji kabla hakijawa cha polisi, na wanaopendekeza "utafutaji" badala yake wasome tena: kutafuta hakudai utaratibu wowote. Mtu anayeweka kidhibiti volti kipya kwa kubahatisha naye anatafuta. Fyuzi iliyokatika ikabaki palepale, na kidhibiti cha bei ghali kikalaumiwa bure.

Na hitilafu nimeichagua kwa makusudi. Tatizo ni la mwenye jenereta, aliyekaa gizani. Kasoro ni upungufu, ndiyo maana tunasema saa mbili kasorobo. Hitilafu asili yake ni Kiarabu, ikhtilafu, kutofautiana, na Kiswahili hakijaisahau maana hiyo: watu wakipishana kauli twasema wamehitilafiana. Mita nayo hufanya hivyo hivyo. Panapopaswa kuwa na volti 24 inaonyesha 9, na tofauti hiyo ndiyo fundi anayoifuata waya kwa waya mpaka kwenye ncha iliyoshika kutu. Sijaona neno jingine linaloikamata hali hiyo kwa usahihi huu, na nililieleza hili kwa maandishi kabla tafsiri haijachapwa. Sikujibiwa.

Matumizi: kusaka hitilafu, msaka hitilafu, jedwali la msako. "Utatuzi" ubaki kwa marekebisho, hatua ya tatu.