Braketi za Khocha

Rafu yangu ilianguka usiku, hapa Kitale, pamoja na vitabu vyote alivyoniachia baba. Nilidhani ni mwizi. Kumbe ni zile braketi mbili za dukani, nyembamba, za kiwandani: mashine inakata bati la chuma, inalitoboa, inalikunja, kisha linapakwa rangi nyeupe. Zilikuwa zimefunguka kama vitabu vyenyewe.

Jumamosi nikazibeba kwa matatu hadi Bungoma, kwa khocha. Ni fundi wa jua kali. Aliziangalia akacheka.

"Mwiwa, hii si ni karatasi? Na ulizigeuza. Mkono mrefu unakaa ukutani, mfupi ndio unabeba ubao."

Akachomoa chuma bapa kutoka fremu ya kitanda cha zamani. Akapima, akachora kwa chaki, akakata kwa msumeno. Akakibana kwenye jiliwa na kukipiga nyundo polepole hadi kikakunjika, huku akikagua pembe kwa skwea kila mara. Mashimo manne. Halafu kipande cha mshazari, kikachomelewa kuunganisha mikono miwili. Hicho ndicho zangu zilikosa. Bila hicho, uzito wote unahangaika na kona moja tu.

Khocha anasema kazi hii ilianza na babake. Mimi naona ni ya zamani zaidi. Magharibi ya hapa, kwenye vilima vya Samia, watu waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto kabla Mwingereza hajafika. Majembe yao yalifika mbali, mengine yakalipa mahari. Kisha ikaja reli (Kitale ilifikiwa 1926) na majembe ya viwandani ya bei ya chini. Tanuru zikazimika, nyundo hazikunyamaza. Wahunzi waliacha kuchimba chuma wakaanza kukiokota: springi za gari, vyuma vya mashine zilizokufa. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya iliwaita sekta isiyo rasmi. Nilipomwambia khocha, alisema yeye rasmi yake ni skwea.

Kwa hivyo vyuma chakavu ndio mgodi wetu. Januari 2022 biashara hiyo ilipopigwa marufuku, baada ya nguzo za umeme kuharibiwa, mgodi ulifungwa kwa miezi kadhaa. Wezi wa nyaya walikuwepo, sikatai. Lakini khocha hakuwa na kitanda cha kukata, na ile baiskeli yake nyeusi iliuzwa kipindi hicho. Hajanunua nyingine.

Aliponimalizia braketi nne, zikiwa bado na harufu ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu, niliuliza bei.

"Niachie hizo zako mbovu."

"Utazifanyia nini?"

"Hizi? Ni za kilo tu." Akazitupa kwenye gunia.